Kidonge cha chini ya ulimi na Viagra

Ndugu yangu, umeuliza kama wewe, unayemeza amlodipini (dawa ya shinikizo la damu) na aspirini na kuweka kidonge cha nitrogliserini chini ya ulimi kifua kinapobana, unaweza kutumia Viagra. Kwa sababu ya hicho kidonge cha chini ya ulimi, jibu ni hapana, hata kama unakitumia mara chache. Nitrati, yaani kundi la dawa ambalo nitrogliserini imo, huongeza kemikali inayotanua mishipa ya damu, na sildenafili, ambayo ndiyo Viagra yenyewe, huizuia kemikali hiyo isivunjwe, hivyo zikikutana mwilini shinikizo la damu huweza kuporomoka ghafla hadi mtu akazimia au akapoteza maisha. Isosorbidi nayo imo katika kundi hilo.

Amlodipini na aspirini zenyewe si kikwazo kikubwa. Wagonjwa wengi wa moyo ambao hali yao imetulia, wanaopanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kuuma, huruhusiwa na daktari kutumia Viagra, mradi hawatumii nitrati.

Aliyekwisha kumeza sildenafili asiguse nitrati kwa saa 24, na kwa tadalafili, dawa nyingine ya aina ya Viagra, saa 48. Kifua kikimbana katika muda huo aende hospitali mara moja na aseme wazi alichomeza, maana mhudumu asiyejua anaweza kumpa nitrati ileile. Zile poda za “nguvu za kiume” zinazouzwa kama dawa za asili ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwani baadhi zimewahi kukutwa na sildenafili ambayo haikuandikwa kwenye pakiti.