Usimfiche daktari wa meno kwamba unameza lithiamu, mimi nilificha nikalazwa siku sita

Mdogo wangu hapana. Hapana kabisa. Nimefika pale ulipoandika "nina mwaka wa tatu kwenye lithiamu kwa ajili ya baipola, huu ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, Jumamosi nang'oa gego, simwambii daktari wa meno maana ataniona chizi" nikaweka sahani pembeni. Hayo maneno niliyasema mimi, hivohivo.

Langu lilikuwa gego la chini kulia, limeoza mpaka kwenye mzizi, usiku silali. Daktari akaniuliza vizuri tu, una presha, una sukari, kuna dawa unatumia? Nikasema hakuna. Pakiti ya lithiamu ipo kwenye begi langu hapo miguuni! Mlango ulikuwa wazi, watu kwenye benchi wanasikia, nikawaza nikitaja tu wataanza kunong'ona huyu wa Mirembe, kule hospitali ya wagonjwa wa akili. Na kuna jamaa wa kazini, mjuaji wa kila kitu, alishanijaza maneno kwamba ukitaja dawa za kichwa hawakung'oi, watakuzungusha mwezi mzima. Nikamwamini, mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha hizo dawa.

Jino likatoka bila shida, nikauma pamba, nikaandikiwa diklofenaki ya maumivu siku tano. Na diklofenaki nchi hii inagawiwa kama karanga, mgongo diklofenaki, goti diklofenaki, nani angeogopa. Pale duka la dawa nikajikaza nikamnong'oneza kijana, kaka kuna dawa nyingine ya kichwa natumia, haina shida? Hata hakuuliza inaitwaje. "Ya jino ni ya jino, ya kichwa ni ya kichwa, haziingiliani." Yaani mtu amevaa koti jeupe, anakujibu huku anahesabu chenji! Kama hujui si useme hujui, ungenirudisha kwa daktari ningeshukuru mpaka kesho.

Zinaingiliana, na zinaingiliana kwenye figo. Lithiamu mwili hauivunji, inatoka na mkojo vilevile ilivyoingia. Diklofenaki, ibuprofeni na wenzake wanapunguza damu inayopita kwenye figo, kwa hiyo lithiamu inashindwa kutoka, inajazana. Mimi tena shavu limevimba, sili, maji nagusa tu, joto la Dar la Januari natoka jasho, na ukikaukiwa maji ndo inapanda zaidi.

Siku ya tatu nikashika kikombe cha chai, mkono unatetemeka chai yote mapajani. Nikashika kwa mikono miwili, kikombe kinagonga meno. Nikaanza kuhara, kutapika, nikiongea kama nina uji mdomoni, natembea nimeshika ukuta. Mke wangu akauliza umekunywa? Mama akasema hapana, kichwa kimerudi, huyu hamezi dawa zake. Akawa anakaa pembeni ya kitanda ananisimamia nimeze lithiamu, asubuhi na usiku, anafungua mdomo wangu kuangalia kama nimemeza kweli. Siku mbili. Mama yangu mzazi, kwa mapenzi yote, ananiongezea kilekile kilichokuwa kinaniua, na mimi ulimi mzito siwezi kumwambia.

Waliponikimbiza hospitali, aliyeniokoa ni daktari wa zamu. Alimwambia mke wangu rudi nyumbani ulete kila kidonge kilichopo, mpaka vya watoto. Akamwaga mfuko kitandani, akashika lithiamu mkono huu, diklofenaki mkono huu, akauliza nani kampa hizi pamoja? Lithiamu kwenye damu ikasoma 2.3 wakati yangu inatakiwa icheze kati ya 0.6 na 1.0. Wakasimamisha lithiamu, dripu juu ya dripu, figo zinapimwa kila siku.

Kwa hiyo beba pakiti zenyewe. Usiseme "natumia dawa za usingizi", usiseme "za kichwa", toa pakiti weka mezani kabla hujakaa kwenye kile kiti, na kama unaona aibu omba mlango ufungwe. Duka la dawa fanya hivohivo. Maumivu mwambie akupe parasetamoli. Hata metronidazoli, ile chungu wanayopenda kuiandika baada ya kung'oa, imeshaonekana kupandisha lithiamu, wacha daktari aamue akiwa anajua.

Na usiache kuimeza siku mbili kabla eti isigombane na ganzi, ukiikata ghafla ugonjwa unaweza kurudi na nguvu, hilo kaongee na kliniki yako. Diazepamu ya kutoa woga usijinunulie.

Na huyo aliyeandika hapo juu kwamba yeye hayumo kwa sababu anatumia sertralini, ile dawa ya sonona, umo ndugu. Sertralini ukichanganya na ibuprofeni au aspirini damu inatoka kirahisi zaidi, tumboni hasa, na tramadoli, ile ya maumivu makali, juu yake inaweza kukuletea degedege. Beba pakiti na wewe.

Mdogo wangu, Ijumaa usiku ziweke kwenye mkoba kabisa, zote, hata ya vidonda vya tumbo. Na mama au yeyote unayeishi naye mwambie leo: akiona mikono inatetemeka na unaharisha asikumezeshe kidonge kingine, akukimbize hospitali na hizo pakiti.