Gari si la serikali, lakini ruti ni ya nani?

SWALI: Nafanya biashara ya dagaa mwalo wa Kibirizi, ila nyumbani kwangu ni Ujiji. Asubuhi sina shida ya usafiri. Shida huanza giza likikaribia: daladala ambazo ubavuni zimeandikwa Kigoma–Mwanga–Ujiji huishia Mwanga, konda anatangaza mwisho wa gari, nasi tunabaki na ndoo zetu tukitafuta bodaboda. Hapo nalipa nauli ya pili, na mara nyingi inapita ile ya kwanza. Juzi nilipobisha, konda alinijibu kwamba gari si la serikali, anayepanga safari ni mwenye gari. Je, ni kweli? Nani hasa anazisimamia daladala hizi: manispaa, polisi au LATRA? Marehemu baba alikuwa akisema kwamba zamani mabasi yalikuwa ya umma. Yaliachwa kwa nini?

JIBU: Dada yangu, konda amekupa nusu ya ukweli, na kwa nusu hiyo ndiyo unalala umechelewa kila siku. Gari kweli si la serikali. Ruti, hata hivyo, si ya mwenye gari. Nimefanya kazi ya leseni za usafirishaji kwa miaka mingi, na watu wengi, wakiwemo wenye magari, hawajawahi kuelezwa tofauti ya vitu hivyo viwili.

Nianze na neno la marehemu baba, kwa sababu jibu la konda limetokana na historia hiyo.

Mabasi ya Dar es Salaam yaliendeshwa na kampuni binafsi ya Waingereza iliyojulikana kama DMT. Serikali iliitaifisha mwaka 1970, katika kuitekeleza siasa ya Azimio la Arusha. Mwaka 1974 ikagawanywa: huduma za ndani ya jiji zikapewa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, na safari za kwenda mikoani zikapewa Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA. Watu wazima wa Kigoma watakuambia KAMATA ilikuwa nini. Zingatia kwamba katika mgawanyo huo hakuna mji uliokabidhiwa mabasi yake, na wakati ule hata halmashauri ya kukabidhiwa haikuwepo. Mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza 1972 ulizivunja serikali za mitaa, na shughuli zake zikawa chini ya watendaji wa mkoa na wilaya. Mabaraza ya miji yalirejeshwa 1978, kisha 1982 zikatungwa sheria za serikali za mitaa tunazozitumia hadi leo pamoja na marekebisho yake. Kwa hiyo usafiri wa umma ulijengwa katika miaka ambayo mji haukuwa na mdomo wa kusema. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia. Manispaa ziliporudi zilikuta mabasi ni kazi ya wengine, na zimeendelea kuiona hivyo.

Mashirika hayo hayakuanguka kwa siku moja. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena 1979, vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikala akiba ya nchi, na fedha za kigeni zikaadimika. Basi likiharibika lilikosa spea, likasimama gereji, kisha likachinjwa ili mengine yapate vipuri. Nauli iliwekwa chini ili mnyonge aimudu, jambo jema kabisa, ila pengo kati ya nauli na gharama halikuwa na wa kuliziba. Abiria wakaongezeka, mabasi yakapungua. Watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa kificho, na hatimaye 1983 serikali ikawaruhusu kutoa huduma Dar es Salaam, kwanza chini ya mwavuli wa UDA. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Jina daladala limetoka hapo. Biashara ilipolegezwa zaidi, vipanya vya Toyota Hiace vikamiminika, na mtindo huo ukaingia kila mji, Kigoma ikiwemo.

Sasa tazama kilichotokea. Serikali iliachia umiliki wa magari, lakini haikuachia mamlaka ya kusema gari lipite wapi, litoze kiasi gani na liwe katika hali gani. Mamlaka hayo ilibaki nayo kupitia leseni. Sheria ya Leseni za Usafirishaji ya 1973 ilikuwepo tayari, na bado ndiyo mama wa mambo haya. Usimamizi wake ulipewa SUMATRA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 2001, na tangu 2019 uko kwa LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka huo. Kwenu Kigoma mabadiliko hayo yana maana yake. SUMATRA ilishika nchi kavu na majini kwa pamoja, kwa hiyo malalamiko ya basi na ya boti yalikwenda mlango mmoja. Leo ukiwa na shida ya boti la kwenda vijiji vya kandokando ya ziwa unakwenda TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini, na ya basi au treni unakwenda LATRA. Nimeshuhudia wazee wakizungushwa siku nzima kwa kutolijua hilo.

Turudi kwa konda. Leseni ya daladala si kibali cha kuzurura na abiria. Mwenye gari anapoomba, hutaja njia anayotaka, gari linakaguliwa na polisi wa usalama barabarani, anaonyesha bima na usajili wa kodi, ndipo anapewa leseni ya mwaka mmoja yenye ruti iliyotajwa mwanzo hadi mwisho. Maandishi ya ubavuni ni tangazo la leseni hiyo kwa abiria. Kama imeandikwa Ujiji, mwisho wa gari ni Ujiji, liwe limejaa au lina watu wanne. Kuishia Mwanga ndiko kunakoitwa kukatisha ruti, nako ni kuvunja masharti ya leseni. Wala haisaidii konda kutangaza mapema, kabla hamjapanda, kwamba leo anaishia Mwanga. Tangazo la mdomo halifuti sharti lililoandikwa. Akitaka kuishia Mwanga, aombe leseni ya Mwanga.

Uliuliza pia ni nani msimamizi kati ya manispaa, polisi na LATRA. Wote wamo, na ndiyo maana mwananchi huchanganyikiwa. LATRA hutoa leseni, hupanga ruti na huweka ukomo wa nauli. Polisi wa usalama barabarani hushughulikia ubovu wa gari, mwendo, kujaza kupita kiasi na leseni ya dereva. Manispaa ya Kigoma-Ujiji inashika stendi, vituo na ushuru wake. Barabara zenyewe ziko kwa TANROADS zile kuu, na kwa TARURA zile za mitaani. Bodaboda na bajaji zina kanuni zake za tangu 2010, ambazo zinaruhusu kazi ya leseni zake kukasimiwa kwa halmashauri. Kwa hiyo usiku ule mmoja pale Mwanga, kosa la daladala liko mezani kwa LATRA, na bei ya bodaboda iliyokupeleka nyumbani haiko meza hiyo.

Kuhusu nauli, kinachotangazwa ni ukomo wa juu. Mwenye gari anaweza kutoza pungufu, hawezi kuzidisha. Kiwango hakitungwi ofisini kimyakimya. Wasafirishaji huwasilisha maombi, unaitishwa mkutano wa wadau, na pamoja nao hukaa baraza linalowasemea watumiaji wa usafiri wa ardhini, kisha mamlaka hutangaza. Katika mapitio yaliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2023, nauli ya daladala kwa ruti isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki na shilingi 200. Kwa mabasi ya mikoani ya daraja la kawaida kiwango kilitoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kila kilomita ya lami. Hesabu hiyo mtu anaweza kuifanya mwenyewe: kwa kiwango hicho safari ya kilomita 100 ilikuwa shilingi 4,847. Mkutano wa wadau ukitangazwa, nenda. Nimekaa katika mikutano ya namna hiyo ambamo wasafirishaji walijaza viti vya mbele na mahesabu yao mkononi, na upande wa abiria wakawa watu wachache wasiojua hata walichokuja kusema.

Lakini kwa nini dereva akatishe ruti, hali anajua ni kosa? Hapa nakuomba uvumilivu kidogo, maana bila kulielewa hili utagombana na konda kila jioni bila mafanikio. Madereva wengi wa daladala hawalipwi mshahara. Wanafanya kazi kwa hesabu: jioni tajiri, yaani mwenye gari, apewe kiasi walichokubaliana, mafuta yajazwe, na kinachosalia wagawane dereva na konda. Siku abiria wakiwa haba, tajiri hapungukiwi. Wanaopungukiwa ni wao. Giza linapoingia, gari linalotoka mjini linafika Mwanga limeshusha wengi. Kutoka hapo hadi Ujiji wanabaki wachache, na likigeuka Ujiji saa hizo hurudi tupu. Dereva akigeuzia Mwanga anapata vichwa vya kurudi mjini, anafunga hesabu na anapata chochote cha nyumbani. Gharama ya uamuzi huo unailipa wewe. Kwa hiyo kumwadhibu dereva peke yake ni kukata jani na kuacha mzizi. Leseni imetolewa kwa mwenye gari, na mwenye gari ndiye wa kuulizwa, tena aulizwe pamoja na mkataba wa ajira wa dereva wake. Gari linaloendeshwa na deiwaka, yaani dereva wa kushikizwa, asiye na mkataba wala mshahara litakatisha ruti kila litakapobanwa.

Jiografia ya mji wenu nayo inaongeza ugumu. Ujiji ni mji wa kale, ulikuwepo na soko lake na misafara yake kabla Kigoma haijawa mji. Reli ya kati ilipofika ziwani 1914 iliishia Kigoma, penye ghuba inayofaa bandari, na shughuli zikahamia huko ilhali watu wengi wakabaki na makazi yao Ujiji. Ndiyo maana asubuhi watu humiminika upande mmoja na jioni upande mwingine. Ruti ya namna hiyo haifanani na ruti yenye abiria pande zote siku nzima, na sioni busara ya kuisimamia kama vile zinafanana. Ningekuwa na sauti, ningeshauri zamu za jioni: magari kadhaa yapangiwe kwa majina na saa kufika Ujiji mpaka muda fulani wa usiku, yabadilishane kila wiki ili hasara isimwangukie mmoja, na ukaguzi ufanyike Mwanga jioni, saa ambazo kosa hutendeka. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji LATRA, manispaa, polisi na chama cha wasafirishaji wakae meza moja.

Na mabasi ya manispaa? Najua ndilo jibu ambalo wengi wangelipenda. Dar es Salaam wamerudi kwa njia yao: mabasi ya mwendokasi yalianza kutoa huduma Mei 2016 chini ya wakala wa serikali, DART, kwa njia maalumu ya takribani kilomita 21. Nyuma ya mabasi hayo kuna mkopo mkubwa na barabara iliyojengwa kwa ajili yake, na hata hivyo msongamano vituoni haujaisha. Manispaa ya ukubwa wa Kigoma-Ujiji ikinunua mabasi leo itaomba leseni ileile kama tajiri yeyote na itakutana na safari ileile ya usiku inayorudi tupu. Isipotenga fedha za kuziba pengo hilo kila mwaka, itayafikia yaliyoifika KAMATA. Ningeanza na zamu za jioni kwanza.

Kwa upande wako, fanya hivi. Usibishane na konda. Andika namba ya gari (za biashara ni zile nyeupe), tarehe, saa, mahali lilipogeuzia, ruti iliyoandikwa ubavuni na nauli uliyotoa. Fanya hivyo kwa wiki mbili, wewe na wenzako watatu au wanne mnaorudi pamoja. Pelekeni kwa maandishi ofisi ya LATRA ya mkoa, nakala kwa Mkurugenzi wa Manispaa na nyingine kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa, na mhakikishe nakala mnayobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa. Msiporidhika na uamuzi wa mwisho wa mamlaka, sheria inawaruhusu kwenda Baraza la Ushindani. Sitarajii mfike huko. Leseni hizo huombwa upya kila mwaka, na mwenye gari ambaye faili lake lina barua zenye tarehe na saa atalazimika kuzijibu kabla ya kupewa nyingine. Barua yenu isiseme daladala za Ujiji ni wakorofi. Itaje namba za magari, na iombe jambo moja: tupangiwe magari ya jioni yanayofika mwisho wa ruti.