Pikipiki ya theluji: nivae nini, juu ya nini?

SWALI: Salamu kaka. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, Marekani. Wenzangu wa kazini wamepanga mwezi wa pili twende mji wa Grand Marais, kaskazini mwa jimbo, tukaendeshe pikipiki za theluji (snowmobile) siku nzima. Mwaka jana nilijaribu kidogo tu ziwani. Nilivaa fulana ya pamba ya mikono mirefu, sweta mbili, jaketi langu refu la manyoya ya bata, na jinzi juu ya taiti. Nilirudi mgongo umelowa, mapaja ya baridi kama si yangu, na vidole vya miguu sivisikii, ilhali nilikuwa na soksi tatu! Kila mtu ananiambia "vaa matabaka". Matabaka mangapi? Ya kitambaa gani? Na hijabu yangu chini ya helmeti niifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Hesabu vizuri: kuanzia kiunoni kwenda juu ulikuwa na nguo nne, na bado ulipigwa. Kwa hiyo swali la "mangapi" tuliweke kando. Kazi yangu ni kuwavisha wageni kabla hawajapanda hizi pikipiki, na anayerudi akitetemeka mara nyingi ni yule aliyevaa nguo nyingi zinazofanya kazi ile ile moja. Sweta mbili na jaketi la manyoya zote zinatunza joto. Ya kuondoa jasho mwilini hukuwa nayo, na ya kuzuia upepo na maji hukuwa nayo.

Tuanze na ule mgongo uliolowa, maana mzizi wa fitina uko hapo. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Kwetu Pwani hiyo ni neema, kwani jasho likikauka polepole kwenye ngozi linakupoza. Minnesota mwezi wa pili hutaki kupozwa. Maji huchukua joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa tulivu, kwa hiyo fulana iliyolowa ikigusa mgongo inakunyonya joto hata ukiwa na sweta kumi juu yake. Na usifikiri hutatoka jasho kwa sababu kuna baridi. Subiri pikipiki ya zaidi ya kilo 200 ikwame kwenye theluji laini, mshuke mkaisukume, halafu mrudi kukaa na kuendesha. Dakika chache za kusukuma zinakulowesha, na saa nzima inayofuata unakaa umetulia ndani ya ule unyevu.

Nguo inayogusa ngozi, juu na chini, iwe ya sufu ya merino au poliesta, nyembamba, yenye kubana mwili bila kuuminya. Mimi napendelea merino. Nyuzi zake huweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba zimelowa, na hainuki upesi, jambo ambalo utalishukuru jioni mtakapovua buti wote kwenye chumba kimoja. Poliesta ni rahisi zaidi na hukauka haraka. Ubaya wake ni harufu. Yoyote kati ya hizo mbili ni sawa. Ila pamba isiguse ngozi mahali popote, hata sidiria na chupi ukiweza, maana watu huvaa merino ya bei mbaya juu ya sidiria nene ya pamba kisha wakashangaa kifua kimepoa.

Tabaka la kati ndilo la joto: flisi (kile kitambaa laini cha poliesta chenye vinyweleo), au koti jepesi lililojazwa nyuzi za kutengenezwa kiwandani kama Thinsulate. Chagua lenye zipu ndefu ya mbele. Hili watu hulidharau dukani. Ukiwa na helmeti kichwani huwezi kuvua sweta la kupitishia shingoni. Utaona uvivu, utavumilia joto, utatoka jasho. Zipu unaishusha kwa mkono mmoja na joto linatoka. Na ujifunze kuishusha mapema, kabla ya kuanza kusukuma.

Jaketi lako la manyoya ya bata ni zuri sana kwa kusubiri basi mjini. Kwenye pikipiki lina kasoro mbili. Manyoya yakishika unyevu hulala, na yakilala hakuna hewa ndani yake ya kutunza joto. Pia kwa kuwa ni refu, ukikaa linajikunja kiunoni na upepo unapanda kutokea chini. Likunje ulitie kwenye begi. Mtakaposimama kunywa chai utalivaa juu ya kila kitu.

Sasa nje, ambako upepo ndio mwenye mji. Siku isiyo na upepo hata kidogo, ukienda kilomita 60 kwa saa umejitengenezea upepo wa kilomita 60. Kwa hesabu ambayo idara za hali ya hewa za Marekani na Kanada wamekuwa wakiitumia tangu 2001, ikiwa nje ni nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa mwendo huo ngozi iliyo wazi inapokonywa joto kama vile ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Kanada wanahesabu kwamba kwenye baridi ya kiwango hicho ngozi isiyofunikwa inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kioo cha mbele cha pikipiki kinasaidia kifua. Mapaja, magoti na viganja hakivifikii vizuri.

Ndiyo maana jinzi zilikuangusha. Theluji inakurukia mapajani, joto lako linaiyeyusha, pamba inainywa, upepo unamalizia. Unachohitaji ni ovaroli ya mikanda ya mabegani isiyopitisha maji, inayopanda hadi kifuani, na jaketi la namna hiyo hiyo juu yake. Usichukue suruali ya kuishia kiunoni. Ukiinama, theluji inaingia mgongoni. Kwenye lebo utaona namba za milimita zinazoonyesha kitambaa kinahimili msukumo wa maji kiasi gani. Kwa kutembea theluji ikianguka, 10,000 zinatosha. Lakini wewe utakuwa umekalia kiti chenye maji na kupiga magoti kwenye theluji, na uzito wa mwili husukuma maji kupenya, kwa hiyo makalioni na magotini tafuta 15,000 hadi 20,000.

Kuna namba ya pili watu hawaisomi: kitambaa kinaachia mvuke wa jasho kiasi gani kwa siku. Koti la mvua la plastiki linazuia maji kabisa, lakini ndani yake ni kama mfuniko wa sufuria ya wali, mvuke unagonga juu na kudondoka tena. Vitambaa vya aina ya Gore-Tex, iliyoingia sokoni 1976, vina vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke unapita. Havifanyi miujiza. Uso wa nje ukilowa na kuacha kuteremsha matone, mvuke hautoki vizuri. Basi ovaroli na jaketi usivifue kwa sabuni yenye dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo inaharibu uwezo wa kitambaa kuteremsha maji, na inaharibu pia merino na poliesta za ndani.

Soksi tatu, dada, ndizo zilizokugandisha vidole. Wewe muuguzi unajua: mguu ukibanwa, damu haipiti, na mguu hauna joto lake zaidi ya lile linaloletwa na damu. Soksi moja ya merino ya unene wa kati inatosha, au nyembamba chini ya nene ikiwa tu buti lina nafasi. Ukiwa umefunga kamba, vidole vyote vitano vicheze. Visipocheza, punguza soksi au ongeza namba ya kiatu. Buti liwe na soli nene ya mpira na kitambaa cha ndani kinachotoka, ili usiku ukitoe kikauke peke yake karibu na hita. Ile namba ya nyuzi 40 chini ya sifuri inayoandikwa kwenye boksi isikuleweshe. Kila kampuni hupima kivyake, tena kwa mtu anayetembea, na wewe miguu yako itakuwa imetulia kwenye kikanyagio.

Mkono wa kulia una shida yake. Mwendo wa pikipiki hizi huongezwa kwa kubana kidude kwa gumba la kulia, kwa hiyo gumba hilo liko nje kwenye upepo muda wote, na ndilo linaloanza kufa ganzi. Pikipiki nyingi za siku hizi zina vipini vya umeme vya kupasha mikono na kipasha-gumba pia. Washa kabla hujahisi baridi. Ukiwa abiria, glavu za kifuko, zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja, zina joto kuliko za vidole. Vaa glavu nyembamba sana ya merino ndani, na ubebe jozi ya akiba kwenye mfuko wa plastiki. Vile vifuko vya joto vya unga wa chuma hufanya kazi kwa kuvuta hewa. Ukivibana ndani ya buti lililofungwa vinazimika. Viweke juu ya kiganja, ndani ya kifuko cha glavu, visiguse ngozi moja kwa moja.

Nimefika kwenye hijabu. Chukua ile ya michezo ya kuvaa kama kofia, ya poliesta nyembamba, isiyo na pini hata moja. Pini chini ya helmeti ukianguka ni balaa. Juu yake vaa kofia ya kininja nyembamba ya merino inayoshuka hadi kifuani, halafu helmeti. Helmeti uijaribu ukiwa umevaa vyote viwili. Ukitikisa kichwa, nayo itikisike pamoja na kichwa, isizunguke peke yake. Kitambaa kisipite mbele ya mdomo. Pumzi inakilowesha, kinaganda, na unabaki na barafu kwenye kidevu. Helmeti za theluji zina kizibo cha pua na mdomo kinachosukuma pumzi kuelekea chini, na kioo cha tabaka mbili au cha umeme kisishike ukungu. Omba helmeti yenye hivyo viwili, hasa kama unavaa miwani.

Ncha zozote zinazoning'inia, iwe mtandio, skafu au kamba ya kofia ya jaketi, zichomekwe ndani. Chini ya pikipiki kuna mkanda mpana wa mpira unaozunguka kwa kasi, na ukidaka kitambaa hauachii. Kanzu ndefu hailali vizuri hapo, ila shati refu la kufika mapajani linaingia ndani ya ovaroli bila taabu. Kwa stara usiwe na wasiwasi: nguo hizi ni pana hivi kwamba kwenye picha za wageni wetu wenyewe hubishana nani ni nani.

Jambo moja hukuliuliza. Najua nyumbani tunakua na kopo la mafuta ya mgando, na wengi hujipaka usoni wakidhani yanakinga barafu. Watafiti wa Ufini waliochunguza askari wao waliona mafuta ya namna hiyo hayazuii ngozi kuganda, na waliojipaka walipata majeraha zaidi. Huenda hisia ya joto iliwafanya wasijifunike. Paka usiku ngozi isipasuke. Asubuhi funika uso. Na tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zinaonyesha askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Wenzako watakwambia uangalie ngozi ikiwa nyekundu au nyeupe. Kwenye ngozi yetu tazama sehemu inayopauka kama majivu, ngumu kama nta, isiyo na hisia. Kubalianeni mtazamane nyuso kila mnaposimama. Ukiiona, ingia ndani, pasha kwa maji ya uvuguvugu. Usisugue, tena kamwe si kwa theluji, na usiyeyushe kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani.

Waulize wenzako mapema: utaendesha au utabebwa? Abiria hafanyi kazi yoyote, hatoi joto, kwa hiyo anahitaji tabaka la kati nene kuliko dereva. Waulize pia kama mtavuka juu ya maziwa yaliyoganda au mtabaki kwenye njia ya North Shore, ile ya kilomita kama 235 kutoka Duluth hadi Grand Marais. Kama ni maziwa, ziko jaketi zenye povu la kukusaidia kuelea barafu ikipasuka, na mimi ningelitafuta hilo kabla ya la rangi nzuri.

Kuhusu pesa: usinunue kila kitu. Vinavyogusa mwili, yaani merino, soksi, hijabu ya michezo, kininja na glavu za ndani, nunua vyako. Utavivaa hata kwenda kazini zamu ya usiku. Ovaroli, jaketi, buti na helmeti kodi pale pale mnapokodi pikipiki. Piga simu kabla, taja urefu wako na namba ya kiatu, na uliza kama buti zao zina kitambaa cha ndani kinachotoka na kama hukaushwa kila usiku. Wakisitasita kwenye hilo la kukaushwa, azima buti kwa mwenzako.