Gauni la Doli Limesimama Kama Hema

SWALI: Habari yako anti. Niko Donholm, nina Barbie kumi na mbili, ni za kukusanya si za watoto kuchezea, na mwaka huu nikasema lazima wavae nguo za kwetu. Nikanunua kitenge Biashara Street, kile cha maua makubwa, nikampelekea fundi wa mtaani pamoja na doli mwenyewe apimiwe. Fundi alicheka kwanza halafu akashona, lakini gauni limetoka limesimama kama hema, kiuno kimekuwa kinene na vidole vinakwama kwa mikono ya nguo. Nishone upya ama niwachane na hii maneno?

JIBU: Usiwachane nayo dadangu, shona upya, lakini si kwa hicho kitambaa. Fundi wako anajua kushona, shida ni kwamba alichukua gauni la mtu akalipunguza, na nguo ya doli haiendi hivyo. Barbie ana kama sentimita 29, yaani ni mtu aliyegawanywa kwa sita, sasa urefu wa gauni unaweza kugawanya lakini unene wa kitambaa haugawanyiki, unabaki vile vile, ndiyo maana yeye kuvaa kitenge kizito ni kama wewe ushonewe gauni la zulia. Na yale maua pia, ua la sentimita 10 kwako ni la kawaida tu, kwake ni kama ua la sentimita 60, linameza kifua na tumbo lote na hakuna atakayejua ni ua.

Anza na kitambaa basi. Enda Gikomba pale kwa mashati ya wanaume, chagua ya pamba laini iliyofuliwa sana, halafu ule upindo wa chini usiukate, ndio utakuwa upindo wa sketi yako, kwa sababu hakuna mkono utakukunjia mwembamba hivyo. Na ukiona tai za hariri chukua! Tai hukatwa mshazari, kwa hivyo kitambaa chake kinalala chenyewe mwilini. Fumua mshono wa nyuma, toa kile kitambaa kigumu cha ndani, piga pasi ya moto mdogo. Koti la kwanza nililojivunia lilitoka kwa tai ya bluu yenye vitone vidogo kama ufuta, na kola ikalala shingoni bila hata pini moja, nilikaa nikaiangalia tu jioni nzima.

Kama moyo uko kwa kitenge, tafuta cha michoro midogo, kifue mara mbili tatu ule ugumu wa dukani utoke, na usiweke marinda kiunoni hata kidogo, kata vipande vinavyopanuka vikienda chini. Sketi ikikataa kushuka ni kwa sababu haina uzito wa kujivuta, so shonea ushanga mdogo ndani ya upindo, mmoja kila baada ya sentimita 2 hivi, ama uinyunyizie maji, uifunge na utepe ikiwa mwilini mwa doli uliyemzungushia plastiki kwanza, ilale hivyo hadi ikauke. Mwambie fundi aweke sindano nyembamba, namba 9 au 11, na mikono ya nguo aiunganishe kitambaa kikiwa bado kimelala wazi, ndipo afunge ubavu mara moja kutoka kiganjani hadi chini. Mgongo uachwe wazi mpaka kwa makalio. Wakati wa kuvalisha, visha kila mkono wa doli kipande cha karatasi ya mkate, vidole vitateleza bila kukwama popote. Na velkro mimi siipendi, inang'ang'ania nywele na kuvuta nyuzi, afadhali vile vifungo vidogo vya chuma vya kubonyeza.

SWALI: Anti, nilimwachia doli wangu suruali nyekundu tangu Krismasi, kuitoa nikapata miguu imekuwa ya waridi. Nimesugua na sabuni wapi. Kayole.

JIBU: Pole sana mpenzi, najua vile inauma. Rangi imeingia ndani ya plastiki yenyewe, sabuni haifiki huko. Kwa kemisti ulizia dawa ya chunusi yenye benzoyl peroxide asilimia 10, paka juu ya doa peke yake, funika na plastiki, mweke dirishani penye jua na uangalie kila siku, inaweza kuchukua siku kadhaa. Usiguse uso wala nywele, na ukiona doa limeisha toa haraka kwa sababu hiyo dawa inaweza kupausha hata ngozi ya doli. Siku nyingine, kabla ya kumvalisha rangi kali, sugua nguo na kitambaa cheupe kilicholowa, kikipata rangi fua tena, na mvalishe taiti nyeupe ndani.

SWALI: Mimi ni mwanaume wa miaka 34, South B, nakusanya pia. Nguo za Barbie wangu wa kwanza hazimfungi huyu mpya mwenye mapaja. Nimepunjwa?

JIBU: Hujapunjwa kakangu. Mwaka 2016 Mattel, wale wanaotengeneza Barbie, walileta miili mitatu mipya, Curvy, Tall na Petite, kando na ule wa zamani, na wako ni Curvy, kwa hivyo ukinunua nguo angalia jina la mwili kwanza. Ama ujitengenezee pateni, ni rahisi kuliko unavyofikiri: mzungushie ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula, juu yake ubandike tepu ya karatasi mwili mzima, chora na penseli mahali pa mishono, kata polepole na mkasi mdogo ukifuata mistari, vipande ulaze kwa karatasi na uongeze milimita 5 kila upande. Viandike "Curvy" kabla hujaviweka kwa bahasha, vinafanana sana na vya wengine.