Mbarali ilipiga kura ikiwa na ramani mkononi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: katika mkoa wako, ni uchaguzi upi wa ubunge uliokuonyesha kitu ambacho watu hukiangalia wanapochagua? Najua majibu mengi ya kutoka kwetu Mbeya yatataja Mbeya Mjini, na sina ugomvi nayo. Jimbo lile lilikwenda NCCR-Mageuzi mwaka 1995, likarudi CCM, mwaka 2010 likachukuliwa na Joseph Mbilinyi, yaani Sugu wa hip-hop, kwa tiketi ya CHADEMA. Akalitetea 2015, kisha 2020 likaenda kwa Dkt. Tulia Ackson. Aliyewahi kusimama uwanja wa Ruanda Nzovwe siku ya mkutano wa kampeni, vumbi limepanda mpaka jukwaa halionekani, anajua mji ule una moto wake. Ukubwa wa mji wenyewe umefanya Uyole ikatwe na kuwa jimbo lake kwa uchaguzi wa 2025.

Mimi najibu Mbarali, jimbo letu la bonde la Usangu. Uchaguzi mdogo wa Septemba 19, 2023.

Nimezaliwa Ubaruku na mpaka leo nalima mpunga, ekari mbili na robo, maji ya zamu. Kwa hiyo msomaji anayeniona nimependelea kwetu hajakosea. Lakini nimeishi Uyole miaka sita, nimewahi kukaa kwa dada yangu Kyela msimu mzima wa kakao, na nimesikiliza kampeni huko kote. Kila wilaya ya mkoa huu ina swali lake. Chunya, kwenye jimbo la Lupa, mgombea akipanda jukwaani anaulizwa leseni za dhahabu na nani amepewa mlima gani. Rungwe na Busokelo wanauliza bei ya chai na barabara ya kutolea ndizi na viazi mvua zikikolea. Kyela wanataka kujua kakao yao itauzwaje na fedha itaingia lini. Maswali hayo ni mazito, ila mwaka ukiwa mbaya mtu wa Tukuyu kule Rungwe bado ana shamba lake. Mbarali mwaka ule tuliulizana kama shamba ni letu.

Kwa asiyejua, niseme kwa kifupi. Mwaka 2008 lilitoka Tangazo la Serikali Namba 28, ambalo kwetu hata bibi asiyesoma analiita GN 28. Liliiongeza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ikalimeza Pori la Akiba la Usangu pamoja na ardhioevu ya Ihefu. Hifadhi ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na ndani ya mstari mpya wakajikuta watu wenye vijiji, shule na majaruba ya mpunga. Sababu ya serikali haikuwa ya kupuuzwa. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kiangazi tangu mwaka 1993, na maji yake ndiyo yanayokwenda mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Wafugaji walikuwa wameshahamishwa Usangu na ng'ombe wao mwaka 2006 na 2007. Sisi wakulima tukabaki tukisubiri zamu yetu. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba vijiji vitano, Luhanga na Madundasi vikiwemo, vitapaswa kupisha, pamoja na vitongoji vingi vya vijiji vingine.

Katikati ya hali hiyo, mwanzoni mwa Julai 2023, mbunge wetu Francis Mtega alifariki baada ya pikipiki yake kugongana na pawatila. Kila mtu Usangu anajua pawatila ni nini: ndiyo inayolima, ndiyo inayobeba mpunga, ndiyo inayompeleka mgonjwa barabarani. Msiba ule uliingia kila nyumba. Nao uchaguzi ukaja tukiwa bado na majonzi.

Septemba kwetu ni kiangazi. Majaruba yamepasuka, watu wako mashineni wanakoboa na kungojea bei ipande. Kampeni ya kweli niliyoisikia mimi ilikuwa hapo, juu ya magunia, mashine ikizimwa kidogo watu wasikizane. Mjomba wangu alikuwa na nakala ya GN 28, fotokopi ya fotokopi, namba za mipaka zimefifia mpaka 3 na 8 huzitofautishi. Kijana mmoja aliyesomea upimaji alikuwa amemchorea nyuma yake ramani kwa kalamu. Mjomba aliitandaza juu ya gunia, akachukua punje tatu za mpunga. Moja akaiweka penye banio, lango la maji ya mfereji, ya pili penye shule ya msingi, ya tatu penye shamba lake. Ile ya tatu iliangukia ndani ya mstari. Aliisogeza kwa kidole nje kidogo, akaitazama, akairudisha ilipokuwa.

Kila kundi la wapambe lililopita pale liliulizwa swali hilohilo, vyama vyote bila ubaguzi: punje hii mtaitoaje humu? Walioanza habari za tisheti na ahadi za kisima hawakusikilizwa. Nilimwona mzee mmoja akimrudishia mpambe kofia yake kwa adabu kabisa, kwa mikono miwili.

CHADEMA hawakusimamisha mgombea. Upande wa upinzani aliyesikika ni Modestus Kilufi wa ACT-Wazalendo, mtu aliyewahi kuwa mbunge wetu huyohuyo kwa tiketi ya CCM kuanzia 2010 hadi 2015, kwa hiyo jimbo analijua na GN 28 anaijua. CCM walimleta Bahati Ndingo. Alishinda Ndingo, kwa tofauti kubwa.

Wengi walioko mbali walisoma matokeo yale wakasema watu wa Mbarali wameridhika, au wamenunuliwa. Hapo ndipo nilipoamua kuwaandikia. Jioni matokeo yalipobandikwa mlangoni mwa darasa, fomu 21B, watu walinakili namba kwenye viganja vya mikono kwa kalamu, hakuna aliyepiga kigelegele pale kituoni kwetu. Nikamuuliza mjomba, maana nilijua alivyokuwa na uchungu: "Mjomba, hasira yote ile imekwenda wapi?" Akanijibu, "Mama, kesi ya shamba humpelekei anayekupenda. Humpelekea anayefika kwa mwamuzi."

Hesabu ndiyo hiyo. Niliisikia kwa watu wengi baada yake, kila mmoja kwa maneno yake. Tangazo linatoka kwa serikali, linabadilishwa na serikali, basi tumtume mtu anayekaa meza moja na mawaziri. Mkulima wa mpunga anafikiri hivyo kwa sababu maisha yake yote ni kuomba maji kutoka juu. Aliye mwanzo wa mfereji akifunga banio, huku chini hata ukipiga kelele usiku kucha jaruba halijai. Unajifunza kujuana na mshika banio.

Nilimkatalia mjomba siku ile, na sehemu ya nafsi yangu bado inamkatalia. Tukichagua kwa ukaribu na meza, anayekaa mbali na meza ana haki gani? Na mbunge aliyetumwa kwa sababu ya ukaribu atapata wapi nguvu ya kuwaambia hao walio karibu naye kwamba hapa mmekosea? Hili linaniumiza kwa sababu nimeona hesabu ya mjomba si ya kijinga. Ni hesabu ya mtu ambaye hana mlango wa pili.

Ndiyo maana nasema swali la punje lingeulizwa mapema zaidi, kwenye kura za maoni za ndani ya chama. Mkoani kwetu mambo mengi huamuliwa hapo. Dkt. Harrison Mwakyembe aliongoza kamati ya Bunge iliyochunguza Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura, kazi iliyomfanya Waziri Mkuu ajiuzulu Februari 2008, na mwaka 2020 alikuwa waziri. Lakini ubunge wa Kyela ulimtoka ndani ya chama, kwenye kura za maoni, kabla wananchi wa kawaida hawajashika karatasi. Hata fomu ya kugombea ni uwanja wa mapambano: uchaguzi mdogo wa Mbeya Vijijini wa Januari 2009, mgombea wa CHADEMA alienguliwa kwa dosari ya kiapo, watu wakaenda kituoni bila jina walilolitarajia. Mwenye swali lake akingoja siku ya kampeni, mara nyingi amechelewa. Wajumbe wa chama wa kata za Usangu wanajulikana kwa majina na nyumba zao. Waendewe na ile ramani wakiwa bado wanapima nani apite.

Mwezi mmoja baada ya kura, Oktoba 2023, likatoka tangazo jipya la mipaka ya hifadhi, GN 754. Habari zilifika kijijini kabla ya karatasi. Wengine walishangilia kwamba wametolewa ndani ya mstari, wengine walisikia kwamba bado wamo, na kwa siku kadhaa hapakuwa na mtu wa kutuambia kwa uhakika kitongoji kipi kiko wapi. Hatimaye nilipata nakala mjini, nikapanda gari mpaka Igawa, nikaingia Ubaruku giza limeanza. Nilimkuta mjomba mashineni. Hakuniuliza habari za safari. Alikuwa ameshakunja mkeka na kufuta vumbi la pumba juu ya gunia, punje tatu ziko mkononi, akaniambia nisome polepole.