Maswali na Majibu: Pini Isifunguke Yenyewe

Mwezi uliopita nilisimulia hapa jinsi pini ilivyofunguka kwenye nepi ya mjukuu wangu tukiwa ndani ya daladala la kwenda Mbagala Rangi Tatu. Mtoto alilia ghafla. Nilidhani ni joto na msongamano, mpaka nilipoingiza mkono nikakuta ncha imeshachora mstari mwekundu kwenye paja lake. Pini ile niliinunua mwenyewe, moja katika fungu la bei ya chini, na mimi ni fundi cherehani ninayeshika pini kila siku ya Mungu. Tangu siku hiyo maswali yenu hayajakoma. Nimechagua machache.

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Mabibo, nimesomea ufundi wa chuma. Baada ya kusoma habari ya mjukuu wako nimechora pini yenye kifuniko kidogo kinachoteleza juu ya kichwa, kikishuka haifunguki. Rafiki zangu wananicheka, wanasema pini ilishabuniwa zamani, hakuna cha kuongeza. Ni kweli?*

Marahaba mwanangu. Si kweli, wala usikunje karatasi yako.

Pini tunayoitumia leo ilipata hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mbunifu asiibiwe wazo, huko Marekani tarehe 10 Aprili 1849, namba 6281, kwa jina la Walter Hunt wa New York. Watu walikuwa na vishikizo vya ncha vyenye springi tangu enzi za shaba, miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita. Alichofanya Hunt ni kutumia waya mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho: akaukunja ukawa springi upande mmoja, na upande wa pili ukawa kishikio cha kupokea ncha. Mwenyewe alieleza kwenye hataza yake kwamba hapo hakuna kiungo cha kuvunjika wala bawaba ya kulika na kulegea. Kile kichwa cha bati unachokiona kwenye pini za leo hakimo kwenye waya wa Hunt, kimekuja baadaye. Kwa hiyo pini yenyewe imeshaboreshwa, na haijafika mwisho.

Ila nikueleze ukweli: kifuniko kinachoteleza kipo tayari. Pini za nepi za zamani zilikuwa na kichwa cha plastiki, mara nyingi chenye umbo la bata au sungura, unakishusha na pini inajifunga. Wazo hilo usilitembeze kama jipya. Tazama badala yake kile ambacho pini hizo hazikitatua.

Chukua pini ya bei ya chini, ifunge, uishike karibu na macho. Ona mdomo wa kichwa chake. Bati ni jembamba na mdomo umepanuka, ncha imekaa ndani kama mtu aliyeketi ukingoni mwa benchi. Sasa usukume mkono wenye ncha kwa pembeni, si kwa kuubana chini. Utachomoka. Ndivyo kitambaa kinavyofanya mtoto akirusha miguu: hakiibani pini, kinaivuta kiubavu. Kichwa kizuri kina ukuta pande zote mbili, na mdomo wake umekunjwa kwa ndani.

La pili ni waya, na hapa wauzaji ndipo wanapotuumiza. Ukakamavu wa waya hauendi sawasawa na unene wake. Unakwenda kwa unene × unene × unene × unene. Pini ya waya wa milimita 1 ukiipunguza ikawa 0.8, macho hayaoni tofauti, lakini ukakamavu umeshuka hadi kama asilimia 41. Ukiongeza ukafika 1.2, umepata zaidi ya mara mbili. Kiwanda kinachobana waya kidogo tu kinaiba zaidi ya nusu ya nguvu ya pini, na mama anayenunua pale Kariakoo hana namna ya kujua. Ukipata njia ya kumwonyesha mnunuzi unene wa waya kwa jicho tu, hata alama ya rangi kwenye kichwa, utakuwa umefanya jambo kubwa kuliko kifuniko.

La tatu ni springi. Kitambaa laini huingia kwenye lile duara kikakwama. Zipo pini zisizo na duara kabisa, waya umepinda tu, na wanaoshona shanga wanazipenda. Lakini duara lina kazi yake: linagawa mkunjo kwenye waya mrefu zaidi ili usichoke upesi. Ukiliondoa, lazima waya uwe wa chuma cha springi kweli kweli. Wengine huweka kibati kidogo cha kuziba duara. Jaribu njia zote mbili.

Kisha ijaribu pini yako kwa mkono mmoja, vidole vikiwa vimelowa mafuta ya mtoto. Mama huwa ana mkono mmoja tu ulio huru, wa pili umemshika mtoto. Kama inahitaji miwili, rudi mezani.

*Nikishaikamilisha, nianzie wapi ili nisiibiwe wazo?*

Hili kaliuliza kijana huyohuyo. Kwa Tanzania Bara hataza husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Nchi yetu pia ni mwanachama wa ARIPO, shirika la Afrika la kulinda ubunifu, lenye makao yake Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama. Sharti la kwanza la hataza ni upya, kwa hiyo usirushe picha mtandaoni wala kupeleka sampuli dukani kabla hujawasilisha ombi. Wa kumwonyesha kabla ya hapo, awe mtu mliyewekeana maandishi ya kutunza siri. Kwa upande wa kutengeneza sampuli, ongea na SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, wana eneo la viwanda vidogo pale Vingunguti.

Huyo Hunt anakuhusu tena hapa. Miaka ya 1830 alitengeneza cherehani ya nyuzi mbili, na hakuisajili. Mwaka 1846 Mmarekani mwenzake, Elias Howe, akachukua hataza ya cherehani ya namna hiyo, na Hunt alipokuja kudai baadaye alikuwa amechelewa. Hataza ya pini yenyewe aliiuza kwa dola 400. Mimi nalisha familia kwa cherehani, na kila ninapokumbuka habari hiyo roho inaniuma kwa ajili yake.

*Nina mtoto wa miezi mitatu, natumia nepi za kitambaa kwa sababu za kununua siziwezi kila siku. Baada ya kusoma habari yako naogopa. Ninunue pini gani? (Mama wa Mbagala)*

Dada yangu, usiache nepi za kitambaa. Badilisha pini tu.

Tafuta pini kubwa yenye kichwa cha plastiki kinachofunga. Ukikosa, chukua ya chuma yenye kichwa kizito na ufanye jaribio langu dukani kabla ya kutoa hela: ifungue, ipanue mpaka mikono yake miwili ifanye pembe kama ya mkasi uliofunguliwa nusu, halafu iachie. Waya mzuri unarudi ulipokuwa. Waya mlaini unabaki umepanuka, na muuzaji akinuna mwache anune. Isukume pia kiubavu kama nilivyomweleza kijana wa Mabibo.

Unapomfunga mtoto, tanguliza vidole vyako viwili kati ya nepi na tumbo, ili ncha ikipita ikutane na wewe kwanza. Pini ilale kwa mlalo, kufuata kiuno, na kichwa kielekee ubavuni, mbali na tumbo. Ikigoma kupita kwenye kitambaa kizito usiilazimishe, maana hapo ndipo waya unapopinda. Ichome kwenye kipande cha sabuni ya mche kwanza, itateleza. Wakati wa kubadilisha nepi, pini ifunge kabla ya kuiweka chini. Si juu ya kitanda, si mdomoni. Na ikishapinda hata kidogo, itupe.

*Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu nilimkuta anachezea pini, nikashindwa kujua kama kuna aliyoimeza. Bibi yake alimpa ndizi ili ishuke. Alikuwa sahihi? Wengine wafanye nini?*

Hapana, ingawa najua bibi alifanya kwa mapenzi. Pini iliyo wazi inaweza kukwama kooni, na chakula kikiisukuma kinaizamisha zaidi kwenye nyama. Usimpe ndizi, ugali, maji wala maziwa. Usimtapishe. Usiingize kidole kooni. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama anacheka, na ubebe pini nyingine ya aina ileile ili daktari aone ukubwa wake. Chuma huonekana vizuri kwenye picha ya eksirei, na pini iliyokwama kwenye umio, ile njia ya chakula toka kooni hadi tumboni, mara nyingi huweza kutolewa kwa mpira mwembamba wenye kamera bila kupasua. Mtoto anayetokwa udenda bila kukoma, anayekataa kumeza au anayekohoa na kupumua kwa shida, usisubiri daladala. Omba msaada wa gari lolote lililo karibu.

Kama wewe hukumpeleka siku ile, mpeleke sasa akapigwe picha.

*Nimezoea kubana pini kwa midomo ninapofunga ushungi asubuhi. Mume wangu anasema ni hatari, mimi naona ananionea. (Msomaji wa Magomeni)*

Mumeo yuko sahihi. Madaktari wameandika mara nyingi kuhusu wasichana na wanawake waliovuta pini ya ushungi ikaingia kwenye njia ya hewa, wakiwa wanacheka, wanaongea au wanakohoa huku pini iko midomoni. Pini ya kichwa cha lulu, iliyonyooka, ndiyo mbaya zaidi. Shonea kimto kidogo kwenye utepe wa mkononi, kama chetu mafundi, uchomeke hapo. Kipande cha kitambaa kilichobaki na pamba kidogo vinatosha, njoo nikuonyeshe.

*Vipi zile za sumaku?*

Kwa ushungi wa hariri ni nzuri, hazitoboi. Lakini nyumba yenye mtoto mdogo usiziweke. Mtoto akimeza sumaku mbili, zinaweza kuvutana huku kuta za utumbo zikiwa katikati na kuutoboa. Na anayetumia kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiziweke kifuani.

*Nilipewa kazi ya sare za sendoff, satini tupu. Pini zimeacha matundu na nyuzi zimevutika. (Fundi mwenzangu, Kariakoo)*

Pole sana, satini haisamehe. Tatizo huwa ni mawili: ncha butu inayokata uzi badala ya kupita kati ya nyuzi, na springi inayomeza kitambaa. Pitisha ncha taratibu kwenye ukucha wako. Ikikwaruza, ina kijino, usiipeleke kwenye satini. Tumia pini nyembamba zenye umbo la peasi, zile ndogo zinazofungia lebo za nguo, maana tumbo lake pana linakiachia kitambaa nafasi. Chomea kwenye sehemu itakayoingia kwenye mshono. Ikibidi kutoboa mahali panapoonekana, weka kipande cha kitambaa upande wa ndani kibebe uzito. Nyuzi zilizovutika zirudishe kwa sindano ukiwa upande wa nyuma, usizikate.

*Naishi Kigamboni karibu na bahari. Pini zangu zinaota kutu na kanzu ya mume wangu imepata doa.*

Hewa ya chumvi pamoja na jasho vinakula ule mng'aro wa nikeli, na chuma kikishachungulia kutu haichelewi. Nunua za stenlesi au za shaba ya njano. Nenda dukani na kipande cha sumaku: shaba halisi haivutwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinavutwa. Ulizonazo zipanguse kwa mafuta kidogo ya cherehani, uzifunike kwenye kichupa, na uzifute kabla ya kuzitumia. Nguo usiitundike kabatini na pini yake.

Doa la kutu kwenye kanzu nyeupe lipake maji ya ndimu na chumvi, uanike juani, kisha usuuze vizuri. Dawa ya klorini usiiguse kabisa. Inalikoleza doa.

*Nikiingiza mpira kwenye kiuno cha suruali, pini hufunguka katikati ya njia na kukwama humo. Nafanyaje?*

Mdogo wangu, umetanguliza springi. Chomeka pini kwenye ncha ya mpira, ifunge, halafu kichwa ndicho kitangulie, maana lile bati butu linapenya bila kunasa na kila unaposukuma unaibana pini ijifunge. Tumia pini nene kiasi cha kuisikia vizuri kwa vidole ukiwa nje ya kitambaa. Na mwisho wa pili wa mpira ubane kwenye suruali kwa pini nyingine kabla hujaanza, usije ukamezwa wote ndani.