Mshale wa Kadhi

Wadogo zangu, walimu mlioripoti muhula huu, juzi nilipita dirishani nikamwona mwenzenu anachora ngazi ya mahkama za Zanzibar ubaoni: Wilaya, Mkoa, Kuu, na juu kabisa Mahkama ya Rufani ya Tanzania. Kadhi kabandikwa pembeni, na mshale wake unapanda mpaka Rufani. Tumbo likanikata. Mshale ule naujua.

1. Andalio la somo liandikwe kabla ya kipindi, si mkaguzi akishafika getini.

2. Mapitio, yaani mahkama kukagua uamuzi wa mamlaka ya serikali, si rufaa. Kwenye rufaa unapinga uamuzi wenyewe. Kwenye mapitio jaji anatazama kama aliyeamua alikuwa na mamlaka na alifuata utaratibu. Mfano wa mwenye duka aliyefutiwa leseni bila kuitwa kujieleza unatosha.

3. Kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kisomeni kabla hamjashika chaki. Mimi sikukisoma. Mwaka wangu wa kwanza, Pemba, binti mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono: "Mwalimu, bibi yangu kesi yake ilianzia kwa Kadhi, kaambiwa mwisho wake Mahkama Kuu." Nikamjibu na kiburi changu cha diploma mpya, "Kamwambie wamemdanganya, bado ipo Rufani." Darasa likacheka. Mimi pia.

Asubuhi yake bibi yuko chini ya mwembe wa skuli, hukumu ya mirathi ndani ya bahasha ya kaki, uso umemchangamka. Keshauza mbuzi wawili, nauli ya boti. "Mwanangu, nikishuka bandarini Dar nishike njia ipi?" Nikakimbilia ofisini, nikafungua Katiba kwa mara ya kwanza tangu chuo. Rufani haina mamlaka juu ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar, wala juu ya mambo ya Kiislamu yaliyoanzia mahkama za Kadhi. Nikarudi mwembeni, sijui miguu ilinibebaje. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazirudisha karatasi zake taratibu, akauliza: "Na mbuzi?"

Niliwalipa kwa mishahara mitatu. Nyumbani sikumwambia mtu.

4. Marbury dhidi ya Madison, 1803, kesi ya Marekani iliyoipa mahkama nguvu ya kubatilisha sheria inayokiuka Katiba, isiwe tarehe ya kukariri. Waambieni kichekesho chake: barua ya uteuzi iliyozua kesi ilitiwa muhuri na John Marshall mwenyewe, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, ikabaki bila kupelekwa, kisha yeye huyo huyo akakaa kiti cha Jaji Mkuu kuiamua. Hapo hata wa nyuma huamka.

Wewe wa dirishani, Katiba iko mezani kwako. Ukurasa nimeukunja.